Mshale na Umbali

Madereva wenzake walimwita Polepole, na jina hilo lilimkaa kama ngozi. Katika miaka yote aliyoendesha malori ya masafa marefu hakuwahi kugonga hata mbuzi. Wenye haraka walimcheka, kisha wakamshukuru siku alipowakuta wametumbukia mtaroni akawavuta kwa mnyororo. Mwenzake wa zamu aliitwa Redio. Huyo hakuhitaji maelezo: akiamka anasema, akila anasema, na wapo walioapa kwamba hata usingizini alikuwa na taarifa ya habari.

Walikuwa chanda na pete. Lori lao lilikuwa na viti viwili na kitanda chembamba nyuma ya viti, nao waliishi humo kama ndugu waliorithi chumba kimoja. Huyu akiendesha yule anapumzika. Huyu akilalamikia joto yule anafungua dirisha, na akilifungua anaambiwa vumbi.

Redio alifia humo humo, kwenye kiti cha abiria, asubuhi moja ya kawaida kabisa. Walipotoka kujaza mafuta alisema amechoka, akaegemea mlango, akafumba macho. Walipofika mizani, Polepole alimtikisa bega ampe karatasi za mzigo. Karatasi zilikuwa mapajani mwa Redio, chini ya mikono yake, na mikono ile ilikuwa imeshapoa.

Ni moyo, daktari alisema. Ulisimama tu. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na watu walimwambia Polepole hivyo mara nyingi, ingawa yeye hakuwa amemlaumu mtu. Mazikoni alibeba jeneza, alishika sepetu, aliwapangia wageni viti. Watu walisubiri machozi yake, naye aliyasubiri pia. Hayakuja. Alijigusa ndani kama mtu anayebonyeza jino lililopigwa sindano ya ganzi: jino lipo, ila halijibu.

Kampuni ikampa likizo. Alikaa sebuleni. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa akirudi mchana na kumkuta pale pale alipomwacha, televisheni imewashwa, sauti imezimwa.

"Unajisikiaje, baba watoto?"

"Hakuna kitu."

Na kweli hakuna kitu. Mkewe alikuwa mvumilivu, mtu wa kufundisha watoto wa miaka minne kufunga kamba za viatu, lakini hata kisima kina mwisho wake. Siku moja akampigia kaka yake.

Shemeji alikuwa fundi simu, mtu asiyeweza kukiona kitu cha umeme bila kutaka kukifungua. Jumapili zake zote zilikwisha kwenye mchezo mmoja uliofanya ukoo mzima umcheke. Alikuja Ijumaa jioni, akaweka juu ya meza kifaa cha njano, mfano wa simu ya zamani iliyonenepa, chenye kioo kisichozidi kiganja cha mtoto.

"Hii ni jipiesi ya mkononi," alisema. "Mimi nimepata mpya. Hii nakuachia, shemeji."

"Ya nini?"

"Ya kutafutia vikopo."

Akaeleza. Watu huficha vikopo mahali mahali, mjini na porini, wakatangaza namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wewe unaziingiza namba kwenye kifaa, kifaa kinawasiliana na setilaiti, unakwenda. Ukikipata kikopo unafungua, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, unakirudisha kama ulivyokikuta.

"Basi?"

"Basi."

Polepole alikitazama kifaa, akamtazama mkewe aliyejifanya anapanga madaftari ya watoto kabatini. Alielewa kilichokuwa kikiendelea. Hakuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa, na njia ya kukubali ilikuwa fupi zaidi.

"Kwanza tukipange kioo," Shemeji alisema, akavuta kiti. "Kila mtu na kioo chake. Changu mimi kimejaa kama dashibodi ya ndege."

Akakiwasha. Kurasa zilikuwa nyingi, na kila ukurasa una vijisanduku vyake vya namba: mwendo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, jua litazama saa ngapi, umetembea kiasi gani, umesimama muda gani. Shemeji alimwonyesha kubonyeza kisanduku na kukishikilia mpaka orodha ijitokeze, halafu unachagua unachotaka kionyeshe, au unachagua kisionyeshe kitu.

Polepole akaanza kuondoa. Aliondoa mwendo, kwa kuwa mtu anatembea kwa miguu yake, anajua anavyokwenda. Aliondoa mwinuko. Aliondoa machweo. Alizima mlio uliokuwa ukilia kila ukigusa kitufe. Alifanya kazi hiyo kwa utulivu, kama anayekagua tairi kabla ya safari, na mkewe, kule kabatini, akawa amesimama na daftari moja mkononi bila kulipanga.

Kisha ukatokea ukurasa wa ramani. Barabara zilikuwa mistari myembamba ya rangi ya machungwa, na kubwa kuliko zote ilikata kioo kutoka kona hadi kona. Polepole aliitambua bila kusoma. Kidole gumba kikasimama.

"Ramani inazimwa vipi?"

"Ramani?" Shemeji akacheka kidogo. "Shemeji, kuzima ramani kwenye kifaa cha njia ni kama kununua ngazi ukang'oa vipago."

"Inazimika?"

Shemeji akamtazama dada yake. Dada yake akatikisa kichwa taratibu, kwa maana ya mwache.

"Inazimika," Shemeji alisema, akamwonyesha.

Mwishowe ukabaki ukurasa mmoja, wa dira. Katikati mshale mwekundu. Chini yake kisanduku kimoja tu, cha umbali, kwa mita, namba zimekuzwa mpaka zikajaza upana wa kioo. Shemeji alipokwenda kunawa mikono, Polepole aliendelea kupekua mipangilio. Alifika mahali pa kuchagua namna ya kuandika namba za mahali, akachagua ile ya digrii, dakika na sekunde, kwa sababu ndiyo waliyoitumia kazini kuripoti gari likiharibika. Hakumwambia mtu. Hakuona kama ni jambo la kusema.

"Umebakiza nini?" mkewe aliuliza, akiinama juu ya bega lake.

"Mshale na umbali."

"Utajuaje ulipo?"

"Nilipo napajua," alisema.

Kesho yake asubuhi alitoka peke yake. Shemeji alikuwa amemwandikia namba za kikopo kimoja, akasema ni chepesi, cha mtu anayeanza. Polepole aliziingiza akiwa amesimama getini, tarakimu moja baada ya nyingine, na mshale ukageuka ukaelekea kushoto. Kilomita moja na mita kadhaa. Akaufuata.

Ni jambo geni kwa dereva kutembea kwa mshale. Barabara humwambia mtu pa kupita. Mshale hausemi ila upande. Ulimpitisha nyuma ya maduka ambako hakuwahi kufika, katikati ya matangi na mabomba, ukamwelekeza kwenye ukuta, akauzunguka, ukamwelekeza kwenye ukuta mwingine. Hakuchoka wala hakufurahi. Namba zilipungua, basi. Alipoangalia mara ya mwisho zilisema mita nne, naye alikuwa amesimama chini ya paa la bati, kwenye uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba, katikati ya mifupa ya makochi.

Kulikuwa na viti visivyo na ngozi, springi zimekaa nje kama mbavu, sponji zimepangwa mpaka darini. Hakuona mtu. Akainama, akaanza kupapasa chini ya kochi la kwanza.

"Unatafuta nini, kaka?"

Mwanamke alikuwa amejitokeza nyuma ya marundo ya sponji, mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na vijisumari amevibana midomoni.

"Kikopo," Polepole alisema.

"Kikopo cha nini?"

"Sijui. Ni kidogo. Kimefichwa."

"Nani amekificha kwangu?"

"Hata yeye simjui."

Mwanamke alivitoa vijisumari mdomoni kimoja kimoja, akaviweka kiganjani. "Mwizi si wewe," alisema. "Mwizi angekuja na uongo ulioiva. Simama unieleze."

Alimweleza kama alivyoelezwa na shemeji yake, akamwonyesha na kifaa. Fundi makochi alivaa miwani, akautazama mshale, ambao ulikuwa unazunguka zunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Kwa hiyo mtu anaficha, wewe unatafuta, ukipata unarudisha."

"Ndiyo."

"Na hulipwi."

"Silipwi."

"Basi tafuta. Ila ukimaliza kila kitu ukirudishe kilipokuwa, maana hivi unavyoviona vimepangwa."

Alitafuta. Alipapasa chini ya viti, nyuma ya mbao, kwenye pembe za bati. Fundi aliendelea na kazi yake, akivuta kitambaa juu ya kiti kikubwa cha mkono, na kila akivuta upande huu, upande ule unalegea. Baadaye akasema, bila kugeuka:

"Hebu shika hapo. Vuta. Zaidi. Usikionee haya, kitambaa si mke wa mtu."

Polepole akavuta. Fundi akapiga stepla kubwa, ta, ta, ta, mpaka kona. Wakahamia upande wa pili. Mikono ya Polepole ilikuwa na nguvu za usukani, na kitambaa kikanyooka kama ngoma.

"Kazi yako nini?"

"Dereva. Malori."

"Na leo uko huku unatafuta vikopo. Likizo?"

"Mwenzangu alifariki. Njiani, kwenye gari. Nilikuwa naendesha mimi."

"Ajali?"

"Hapana. Moyo. Alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilidhani amelala."

Fundi alisimamisha stepla hewani. Polepole alijiandaa kupokea pole, kama alivyozipokea nyingine zote, na kusema asante. Lakini fundi aliuliza:

"Ulijuaje hajalala?"

"Sikujua. Nimeendesha kutoka kituo cha mafuta mpaka mizani, sikujua. Jua likawa linampiga usoni. Nikasimamisha gari nikamtundikia taulo dirishani." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anayesoma ratiba ya mabasi. "Halafu nikaendelea kumsemesha."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Ilimbidi afikiri.

"Habari za tangi la maji. La nyumbani, linavuja. Nilikuwa namwambia nimeziba kwa gundi, gundi imeachia, sasa nafikiria kununua jipya au nitafute fundi. Nikamuuliza angefanyaje."

"Naye kimya."

"Kimya. Nikasema, leo Redio imezimwa. Tulikuwa tunamwita Redio."

Fundi alikaa juu ya rundo la sponji, likashuka chini yake kwa pumzi ndefu. "Mume wangu mimi," alisema, "nikimwambia habari za tangi hunyamaza hivyo hivyo. Na yu hai mpaka leo, yuko ndani anakula."

Shavu la Polepole lilijaribu kitu. Lilivutika upande mmoja, likatulia.

"Lilizibwa?" fundi aliuliza.

"Nini?"

"Tangi."

"Bado linavuja."

"Kaka, maji ni ya kulipia. Kaziba tangi." Akasimama, akapukuta nyuzi kwenye gauni. "Na huyo aliyekupa hicho kidude mpigie simu. Uwanja huu naufagia mimi kila siku, hakuna kikopo hapa nisichokijua."

Alipiga. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Alimuuliza amechagua mwandiko gani wa namba, na Polepole aliposema sekunde, akamwambia mchezo huu hauandiki sekunde. Unaandika dakika na nukta, na ukikosea hapo tarakimu ni zile zile ila mahali ni pengine. "Umekwenda nje nusu kilomita na ushei, shemeji. Shukuru hukutua chooni kwa mtu."

Polepole akarekebisha, akaingiza namba upya. Mshale ukageuka, ukatazama upande alikotoka. Alimuaga fundi, fundi akamwinulia mkono, vijisumari vimesharudi mdomoni.

Safari hii mshale ulimpeleka moja kwa moja, na kwa kuwa ramani aliizima, hakujua unampeleka wapi mpaka aliposikia. Kwanza mtetemo kwenye nyayo, kisha ngurumo, kisha breki za upepo zikikoroma. Barabara kuu. Juu yake kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, na namba zilikuwa zikipungua kwa kila ngazi aliyopanda.

Alifika katikati. Chini yake malori yalipita, yenye makontena na yenye maturubai, na kutoka juu kule aliona ndani ya vioo: mikono juu ya usukani, miguu ya mtu juu ya dashibodi, chupa ya maji. Katika moja waliketi wawili, na mmoja alikuwa akieleza jambo kwa mikono yote. Polepole alimtazama mpaka lori likaingia chini ya daraja.

Kikopo kilikuwa chini ya reli ya kushikia, kimenasishwa kwa sumaku. Kilikuwa kidogo kama kibweta cha pete. Ndani mlikuwa na karatasi iliyoviringishwa, imejaa majina ya watu asiowajua, na kalamu fupi. Aliandika: Polepole. Akatazama alichoandika. Alisubiri furaha, kwa kuwa aliona ndipo mahali pake, haikuja. Kilichokuja ni mtetemo wa reli kwenye kiganja, kila lori lilipopita. Aliacha mkono pale kwa muda. Halafu akakirudisha kikopo, kikanasa, akashuka ngazi.

Nyumbani mkewe alikuwa anaanua nguo. "Umekipata?"

"Nimekipata. Nilipotea kwanza. Nikafikia kwa fundi makochi." Akachukua pembe ya shuka, akamsaidia kukunja. "Nikamweleza habari za Redio."

Mkewe aliacha kukunja. "Umemweleza fundi makochi."

"Ndiyo."

"Mimi niko nawe humu ndani. Nalala na wewe, naamka na wewe. Kila nikikuuliza unaniambia hakuna kitu."

"Wewe unaniuliza najisikiaje," Polepole alisema. "Yeye aliniuliza nilikuwa nasema nini."

Shuka lilikuwa limening'inia kati yao. Mkewe alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika. Ilionekana kwenye taya. Lakini alikuwa pia na akili, na hasira ikapita ikamwachia nafasi.

"Haya," alisema. "Ulikuwa unasema nini?"

Akamweleza: taulo, tangi, Redio imezimwa. Alieleza yote kwa mpangilio, na mwisho alieleza pia ambalo fundi hakulisikia, kwamba pale mizani, kabla hajamtikisa Redio, alikuwa amekasirika kidogo. Alidhani Redio anamtegea. Mkewe alikaa juu ya kiroba cha mkaa pale uani, akajifunika uso kwa shuka safi, akalia. Polepole alisimama pembeni, mkono juu ya mgongo wake, akiusikia ukipanda na kushuka. Yeye hakulia. Lakini hakuondoka, na mchana ule alipanda juu ya paa akakagua tangi.

Mwezi uliofuata alirudi kazini. Meneja alimpa nafasi ya safari fupi za mjini, akakataa. Hakuweza kueleza kwa nini, alisema tu anaijua ile njia. Wakampa dereva mwenza mpya, mtu mrefu mwembamba aliyeitwa Mshumaa, mpole, asiyefungua kinywa mpaka aulizwe. Kampuni iliona imefanya busara kumpa mtu mtulivu.

Haikuwa busara. Hata mji haujaisha nyuma yao, Polepole aliuliza, "Uko macho?"

"Niko macho, mzee."

Wakapita kiwanda cha saruji. "Uko macho?"

"Niko macho."

Wakapita kituo cha mafuta. Polepole alihamisha gia, akatazama mbele, akatazama pembeni. Mshumaa alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, macho wazi, akitazama nje.

"Mshumaa."

"Mzee." Mshumaa hakuwa kijana, alikuwa na mvi zake, na habari za Redio alizijua kama kila mtu kazini alivyozijua. "Nikitaka kulala nitakuambia. Nitasema, sasa nalala. Nikiamka nitasema nimeamka."

"Sawa," Polepole alisema.

"Na ukitaka kusema, sema. Mimi si msemaji, ila nasikiliza."

Polepole akaanza kumweleza kuhusu tangi, kwamba amenunua jipya, kwamba la zamani mkewe amelikata anapanda mboga ndani yake. Mshumaa aliuliza ni la lita ngapi. Lilikuwa swali zuri.

Mchana walisimama kupumzisha tairi kwenye uwanja wa malori. Polepole alitoa kifaa cha njano mfukoni, akaingiza namba alizopewa na Shemeji kwa simu, kwa mwandiko unaotakiwa. Mshale ulielekea nyuma ya vibanda, mita mia mbili na kitu.

"Hicho nini?" Mshumaa aliuliza.

"Mchezo. Kuna kikopo kimefichwa upande ule."

"Ukikipata?"

"Unaandika jina, unakirudisha."

Mshumaa alilifikiria jambo hilo, akalipindua upande huu na ule. Akafunga mlango wa upande wake, akaujaribu kama umefunga.

"Twende," alisema.